Samaki wa chini ya mlango: kisa cha watoto wa maandalizi Mji Mkongwe

Kisa hiki ni cha mfano. Kimefumwa kwa mambo yanayojirudia pale watoto wadogo wanapopelekwa mjini kuona sanaa na kusikia muziki. Hakuna skuli moja inayosemwa hapa. Mahali ni Mji Mkongwe, Unguja, kwa sababu ndani ya mwendo mfupi wa miguu mtoto anaweza kukutana na nakshi za mbao na muziki vyote viwili, na kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi sana kumshindilia.

Watoto ni 28, wa miaka minne hadi sita, wa skuli ya maandalizi iliyoko Ng'ambo. Wanafuatana na walimu watatu na mama wawili waliojitolea. Ni Jumamosi ya Agosti: jua si kali, mvua hakuna, ila vichochoro vimejaa watalii. Barua iliyokwenda kwa wazazi ilisema watoto wanakwenda "kuijua sanaa na muziki wa Zanzibar". Mambo yalianza kuharibika kwenye sentensi hiyo. Haisemi sanaa ipi wala muziki upi, na mpangaji asiyejiwekea mpaka hujaza ratiba. Ikajazwa kweli: kushuka Darajani saa 2:30 asubuhi, kutembea hadi ufukweni huku wakitazama milango ya nakshi, kuingia Jumba la Maajabu, kuzunguka Ngome Kongwe, kula Forodhani, kusikiliza kikundi cha taarabu saa 5:00, kurudi saa 6:30.

Kutoka Darajani hadi Forodhani mtu mzima hutumia kama dakika kumi. Watoto walitumia dakika 35, na hapo hawajasimama kutazama mlango hata mmoja sawasawa. Jumba la Maajabu, lililojengwa 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020. Ratiba ilikuwa imenakiliwa kutoka kwenye orodha ya zamani, wakakuta uzio. Ngome Kongwe waliingia, wakakimbia kwenye majani, na hapo ndipo walipofurahi. Zamu ya choo ikala karibu saa nzima. Walipofika kwa wanamuziki ilikuwa saa 5:40, watoto wawili wamelala mabegani mwa mama, mmoja analia njaa. Kikundi kikapiga bashrafu, yaani muziki wa ala tupu, kisha wimbo mmoja mzima. Kufikia dakika ya saba nusu ya watoto walikuwa wamewapa wanamuziki mgongo. Jumatatu yake darasani, walipoambiwa wachore walichokiona, wengi walichora paka, na kadhaa wakachora pikipiki.

Walimu waliona wamefeli. Picha za paka lakini zinaeleza jambo. Mtoto alichora vilivyokuwa kwenye usawa wa macho yake na vilivyokuwa vikienda. Basi swali la kuuliza ni vitu gani vingine vya Mji Mkongwe vilivyoko kwenye usawa huo, na je, aliachiwa muda wa kuvitazama?

Tuanze na mlango

Mji Mkongwe una milango ya nakshi zaidi ya 500, na mtu mzima anapomwonyesha mtoto mlango mkono wake huenda juu. Huko ndiko iliko fahari ya fundi: kwenye ubao wa juu wa fremu, wenye maua, pengine maandishi ya Kiarabu, pengine mwaka. Ubao huo uko mita mbili na zaidi kutoka ardhini. Mtoto wa miaka mitano ana urefu wa kama sentimita 105 hadi 110, macho yako chini kidogo ya mita moja. Ukimwambia atazame juu, ataona mbao nyeusi na mwanga wa jua nyuma yake, shingo itamuuma, atashusha uso. Mwalimu atadhani hapendi.

Mbele ya uso wake kuna nini? Kuna miimo, zile mbao mbili za kando zinazosimama kulia na kushoto, na kuna mfaa, mti wa katikati unaofunika pale mbao mbili za mlango zinapokutana. Nakshi za miimo katika milango mingi ya Unguja huanzia chini na kupanda, na huko chini mara nyingi fundi ameweka samaki: magamba yake, mkia wake, pengine mawimbi. Juu ya samaki hupanda mizabibu au maua, na ukingoni mwa fremu huzunguka mnyororo. Kwa maneno mengine, samaki yuko usoni mwa mtoto, na mtu mzima ndiye anayempita bila kumwona. Walimu wale walisimama mbele ya milango sita siku ile na hawakumtaja samaki hata mara moja.

Kuhusu maana ya nakshi, waongozaji wa watalii wana majibu tayari: samaki ni riziki, mnyororo ni ulinzi, mtende ni neema. Si vibaya kuyajua. Kwa mtoto wa miaka mitano ni maneno yanayofunga jicho. Akishaambiwa "samaki ni riziki" hana tena sababu ya kumtazama samaki. Aulizwe ana magamba mangapi. Aulizwe mwenzake wa upande wa pili wa mlango anatazama wapi. Maana anaweza kuisubiri hadi darasa la tano.

Misumari ya shaba ni jambo jingine, na hapo hadithi inasaidia. Milango yenye misumari mikubwa iliyochongoka imefuata mtindo wa India, ambako inasimuliwa kwamba iliwekwa ili tembo wa vita asiusukume mlango kwa kichwa. Unguja hakuna tembo wa vita, na mtoto ataliona hilo mwenyewe, atauliza basi ya nini. Mwachie swali lake akae nalo.

Foleni, choo na maji

Watoto 28 wakipangwa wawili wawili ni jozi 14. Kila jozi ikichukua mita moja na kidogo, foleni ni mita 15 hadi 18. Kichochoro cha Mji Mkongwe hakiendi mita 15 bila kupinda. Maana yake mwalimu wa mbele hamwoni wa nyuma, na vespa inayotokea kwenye kona inakuta foleni imekatika katikati. Ndiyo sababu walitembea kwa dakika 35: kila kona walisimama kuhesabiana. Kuongeza watu wazima hakufupishi foleni. Inafupishwa kwa kugawa watoto.

Choo ni hesabu ya namna hiyo hiyo. Watoto 28, choo kimoja, dakika mbili kila mmoja: dakika 56. Mpangaji anayeandika "choo, dakika 10" hajawahi kumfungua mtoto wa miaka minne vifungo vya suruali. Na foleni ya choo ndiyo iliyosukuma muziki hadi saa ya njaa. Muziki wenyewe haukuwa na kosa lolote kwenye ratiba ila kuwekwa mwisho.

Kwa nini taarabu haikuwashika

Hapa pana mambo matatu, na watu huyachanganya kwa kusema tu kwamba "taarabu ni ya wakubwa".

La kwanza ni la macho. Qanuni ni ala ya kuvutia kuliko zote kwa mtoto: nyuzi zake kwa kawaida ni 78, zimepangwa tatu tatu katika safu 26, na mpigaji huzidonoa kwa vijiti vilivyofungwa kwenye vidole vya shahada. Lakini qanuni hulala bapa juu ya mapaja ya mpigaji aliyeketi kitini. Mtoto aliyeketi sakafuni ana macho kwenye urefu wa kama sentimita 50. Anachokiona ni ukingo wa sanduku la mbao. Nyuzi zote 78 ziko juu ya macho yake. Watoto wale walikaa dakika 25 mbele ya qanuni na hawakuiona.

La pili ni la maneno. Shairi la taarabu husemwa kwa mafumbo, na raha ya msikilizaji ni kujua nani anapigwa kijembe. Mtoto hana njia ya kuingia humo, na hana haja. Bashrafu, ambayo haina maneno, ingemfaa zaidi, ila huchukua muda kubadilika. Sikio la mtoto linataka kitu kinachoanza, kinachokoma na kinachoanza tena.

La tatu ni la mikono. Wanamuziki walikataza watoto kugusa, na walikuwa na haki: uzi wa qanuni ukikatika au fidla ikianguka, hasara ni ya mwenye ala. Lakini safari ya kuutambulisha muziki ambayo mtoto hagusi chochote humfanya mtazamaji tu, na kutazama ndicho kitu asichokiweza kwa dakika 25.

Kwa umri huu mlango wa kuingilia ni kidumbaki, ndugu mdogo wa taarabu. Humo mna ngoma mbili ndogo, fidla, na sanduku, ambalo ni besi ya kamba moja iliyofungwa kwenye fimbo juu ya sanduku la mbao. Mna mkwasa, yaani vijiti viwili vya kugonganishwa, na cherewa za kutikisa. Isipokuwa fidla, hakuna ala humo ambayo mtoto hawezi kuitoa sauti papo hapo, na sanduku halisikiki kwa sikio tu: ukiweka kiganja juu ya mbao unalihisi likitetema.

Wazazi ambao hawakuulizwa

Watoto waliotarajiwa safari ya kwanza walikuwa 31. Watatu hawakuletwa, na wazazi wao hawakueleza. Mwalimu mkuu alidhani ni uzembe. Unguja jambo hili linafahamika vizuri: zipo familia zisizotaka mtoto akalishwe mbele ya ala za muziki, kwa sababu za dini, na mzazi anayepokea barua iliyojaa "taarabu" bila nafasi ya kujibu hunyamaza na kumbakisha mtoto nyumbani. Kubishana naye si kazi ya skuli. Barua nzuri inataja kila ala kwa jina, inasema saa ya muziki ni ipi, na inatoa njia mbili nyingine: mtoto aje kwa milango peke yake, au ahudhurie kasida, yaani mashairi ya dini yanayoimbwa, kwa dufu, ngoma ndogo ya mkononi. Watoto wengi wamekwisha kulisikia dufu kwenye maulidi, na kasida wanazijua kutoka chuo cha Kurani. Kwa ufundishaji hiyo si njia ya pili kwa ubora. Mtoto anayesikiliza mdundo anaoujua, mpigaji akauharakisha na kuupunguza mbele yake, anasikia tofauti haraka kuliko yule anayepewa kila kitu kipya.

Barua ya pili ilipoandikwa hivyo, wawili kati ya wale watatu walikuja, mmoja kwa milango, mmoja kwa dufu.

Safari ya pili

Watoto 30 waligawiwa makundi mawili ya 15, kila kundi Jumamosi yake, na watu wazima wanne kwa kundi. Ratiba ikabaki na vitu viwili: milango mitatu, na kikundi cha kidumbaki cha watu watano. Ngome Kongwe ilibaki kama mahali pa kukimbia na kula tu. Hakuna aliyeelezwa historia yake.

Wiki moja kabla, darasani, walifanya mambo matatu mafupi. Walizoezwa kutembea na kamba: kamba nene ya mita tano na nusu yenye mafundo manane, sentimita 70 kutoka fundo hadi fundo, mtoto mmoja kila upande wa fundo. Wakazoezwa neno moja, "Ukutani!", ambalo likitamkwa kila mtoto anaachia kamba na kuweka mgongo ukutani hadi chombo kipite. Lazima lifanyiwe mazoezi uwanjani kama mchezo, mara kumi au kumi na tano, likisikika kwa mara ya kwanza kichochoroni watoto husimama na kuuliza "Nini?" huku vespa imeshafika. Pili, walionyeshwa picha moja tu, ya samaki wa mwimoni, iliyokuzwa hadi ukubwa wa mkeka wa kuswalia. Tatu, walijifunza kusema mdundo kwa mdomo: "dum" kwa pigo la katikati ya ngozi, "tak" kwa pigo la ukingoni.

Mwalimu mmoja alitembea njia nzima siku tatu kabla, saa ile ile, akaichagua milango kwa vigezo vitatu: samaki au ua liwe chini ya mita moja, kuwe na kivuli saa 3 asubuhi, na baraza lisiwe la duka lenye wateja. Kisha akapiga hodi. Milango hii ni ya nyumba za watu, na mzee aliyeketi barazani si sehemu ya maonyesho. Alielezwa siku na saa, akaombwa ruhusa. Jambo dogo lililosahaulika hapo: watoto 15 wakimwamkia mzee mmoja mmoja, kila mmoja na shikamoo yake, mzee anajibu marahaba mara 15 na watano kati yao wanarudia kwa kuipenda. Waamkie wote kwa pamoja.

Mlango wa kwanza ulipewa dakika 12. Kazi yao ilikuwa kumtafuta samaki wa kwenye picha. Wakishampata wanaonyesha kwa kidole bila kugusa, kisha wanaketi chini na kuchora kwa dakika tano: kipande cha ubao mgumu wa karatasi, karatasi moja iliyobanwa kwa kibanio, krayoni moja ya rangi moja. Rangi moja ni kwa makusudi. Mtoto mwenye rangi kumi na mbili huchagua rangi; mwenye moja huchora. Mlango wa pili haukuwa na samaki, nao ulichaguliwa kwa sababu hiyo: watoto walimtafuta, wakamkosa, wakabishana, na mabishano hayo yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote ya asubuhi ile. Wa tatu ulikuwa na misumari, wakahesabu safu moja.

Kusugua karatasi juu ya nakshi kwa krayoni ili umbo litokeze ni kazi nzuri sana kwa umri huu, lakini isifanywe kwenye mlango wa zamani. Nta huingia kwenye mbao, mtoto husukuma kwa nguvu, na ncha za nakshi zilizokauka zinamomonyoka. Seremala wa milango ana vipande vilivyokataliwa, vyenye nakshi iliyokosewa au iliyopasuka. Vipande vinne vya urefu wa kiganja na nusu vinatosha darasa. Karatasi iwe nyepesi, imefungwa kwa gundi ya utepe pembe zote nne. Krayoni ivuliwe ganda na ilazwe ubavu. Ikishikwa kwa ncha, karatasi hutoboka.

Choo walikwenda saa 3:30, kabla hawajaomba, sehemu mbili kwa wakati mmoja: robo saa. Kila mmoja mililita 250 za maji, andazi moja, ndizi. Kisha muziki, saa 4:00 kamili, kabla ya njaa ya mchana.

Wanamuziki walikuwa wameombwa mambo ambayo mwanzoni yaliwashangaza. Waketi kwenye mkeka, si vitini. Wasitumie kipaza sauti. Wasianze pamoja. Sanduku lilianza peke yake, dakika mbili, na watoto watano watano waliweka viganja juu yake. Zikafuata ngoma, na watoto wakajibu kwa mdomo, dum na tak. Halafu mkwasa, halafu cherewa, na fidla mwisho. Kisha walifumba macho na kutaja ala inayolia. Kisha kikundi chote kilipiga kwa dakika tatu kikikoma ghafla, na watoto waliocheza walitakiwa wagande. Jumla ni dakika 22. Wimbo mmoja mfupi ulipigwa mwisho, na wakati huo walikaa kimya bila kuambiwa, kwa sababu kila sauti iliyotoka walikwisha kuijua inatoka wapi.

Si kila kitu kilikwenda. Mtoto mmoja aliziba masikio tangu fidla ilipoanza, na mama aliyekuwa karibu akamwondoa mikono mara mbili, kwa nia njema. Asiondolewe. Fidla kwa karibu ni kali, na kuziba sikio ni njia ya mtoto ya kupunguza sauti. Asogezwe nyuma mita tatu au nne, hata mlangoni, asikie akiwa huko. Kundi la pili lilikaa mbali kidogo na fidla na hakuna aliyeziba. Tatizo jingine lilikuwa la ngoma: watoto wawili waliwahi, wakazishika, na zamu zikavurugika hadi mpigaji akalazimika kunyang'anya. Ngoma mbili kwa watoto 15 hazitoshi. Kundi la pili lilikuja na ndoo sita za plastiki za lita tano, zikapinduliwa chini juu, na kila mtoto akawa na pa kupiga akisubiri.

Baada ya hapo darasani

Siku mbili baadaye walitengeneza mkwasa na cherewa. Mkwasa ni mpini wa zamani wa fagio uliokatwa vipande vya sentimita 20, ukapigwa msasa hadi usichome. Cherewa ni chupa ndogo za maji zilizokaushwa kabisa, zikatiwa punje hadi moja ya tano tu. Watoto hutaka kujaza. Waachwe wajaze moja hadi shingoni, waitikise, waisikie imenyamaza, wamwage wenyewe. Kifuniko kinatiwa gundi na mwalimu, si mtoto, kwani punje iliyomwagika huishia puani.

Picha za safari hii zilikuwa na samaki 19, kwa makundi yote mawili, na paka wanne.

Mwezi wa pili cherewa zilianza kutoa vumbi. Zilitiwa mchele, na mchele ulikuwa umeingia wadudu. Zikafunguliwa, zikaoshwa, zikatiwa changarawe iliyochekechwa.